Meno Niliyokupachika, Mama

Mama,

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike kule Sondu, na bado sijakuambia nilichokufanyia.

Ile picha iliyowekwa juu ya jeneza lako niliitengeneza mimi, kwa kompyuta ya ofisini. Siku hizi kuna mashine inayosoma picha ya karatasi na kuiingiza ndani ya kompyuta, na yetu ilikuja na programu ya bure kwenye CD. Nilijifundisha mwenyewe: unachukua kipande hapa, unakibandika pale. Nilianza kwa kuondoa mikunjo ya karatasi. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kukuandikia.

Lakini ulikuwa umecheka, Mama. Mdomo wazi kabisa, na lile pengo la chini, meno sita uliyong'olewa kwa mila yetu ukiwa msichana, kama wote wa rika lenu. Nikawaza wenzangu wa ofisini watakaokuja na gari kutoka Kisumu. Nikayachukua meno yako ya juu, nikayageuza, nikakupachika chini. Nikaangalia kazi yangu nikatabasamu, Mungu anisamehe. Nikaihifadhi juu ya ile ya kwanza, ikafutika, kisha nikaichana ile ya karatasi ili mtu asije akalinganisha.

Dada yako alipoiona alisimama palepale uani. “Ma en ng'a?” akauliza. Huyu ni nani? Watu wakadhani uchungu umemzidi, wakamshika mkono wakamketisha. Mimi nilijua.

Tena aibu yangu haikuanza juzi. Siku ya wazazi pale shuleni Maseno ulikuja na kuku wa kuchemsha, ukacheka na wasichana wenzangu, nami nikakunong'oneza, “Mama, funga mdomo.” Ukaufunga. Ulikula nasi ukiufunika kwa leso, na hukunikumbusha jambo hilo hata siku moja.

Wiki hii nimejaribu kuyaondoa yale meno. Nafuta, nachora, nafuta tena. Sipati. Kila ulipocheka nilikuwa natazama pembeni, kwa hiyo sijui ulimi wako ulikaa wapi. Mtoto wako wa kumzaa, sijui.

Jumamosi naenda Awasi kwa dada yako. Yeye naye ana pengo kama lako. Nitamwambia ni mimi niliyefanya vile, anigombeze atakavyo. Halafu nitamwomba acheke, na nakuahidi nitamtazama mpaka amalize.

Kwaheri, Mama. Nisamehe.

Binti yako,
Akinyi