Mgonjwa wa Malale na Chakula cha Moto: Kikao cha Dharura, Kimbanda-Ntoto

KAMATI YA AFYA YA KIJIJI CHA KIMBANDA-NTOTO, KWILU

Tarehe: Jumanne, 14 Machi 2023
Mahali: Darasa la tano, shule ya msingi
Muda wa kuanza: Saa tatu na nusu asubuhi (kilipangwa kuanza saa mbili)

WALIOHUDHURIA
Mama Pélagie Ngwabala, mkunga – Mwenyekiti
Makwala Anaclet, mwalimu – Katibu
Mzee Gaspard Kipulu – Mjumbe, mshauri wa wagonjwa wa malale tangu mwaka 1985
Firmin Mabaya, mgema – Mjumbe

WAALIKWA
Théophile Lukelo – nesi wa timu ya upimaji
Mama Béatrice Sona, mpika kwanga – mgonjwa

AMBAYE HAKUHUDHURIA
Norbert Mafuta – bila udhuru. Alionekana akipita dirishani mara mbili.

KUMB. NA. 1/3/2023: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi na onyo refu. Alisema timu ya upimaji inaondoka saa nane mchana kwenda ng'ambo ya mto na haitarudi mpaka mwezi wa tisa, kwa hiyo kikao kina jambo moja tu. Mama Sona ameonekana na malale, dawa ipo, na anakataa kuimeza. Aliwataka wajumbe waweke kando habari za mbuzi, mipaka ya mashamba na nani hakumsalimu nani. Mjumbe Mabaya aliuliza kama hilo la mwisho linamhusu yeye. Mwenyekiti alisema linamhusu.

KUMB. NA. 2/3/2023: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA JANUARI

Mjumbe Mabaya alipinga mahali palipoandikwa kwamba alitamka kuwa "hatapimwa malale hata kwa mtutu wa bunduki." Alidai hajawahi kusema hivyo maishani mwake. Katibu alimsomea tena. Mwenyekiti na Mzee Gaspard walithibitisha kwamba alisema, tena alisema akiwa amesimama. Mwenyekiti aliagiza kwamba kuanzia leo Katibu aandike maneno ya watu kama yalivyowatoka mdomoni, pasiwe na wa kukana. Katibu ametekeleza. Atakayejisoma humu asimgongee Katibu mlango.

Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/3/2023: TAARIFA YA TIMU YA UPIMAJI

Nesi Lukelo alieleza kwamba kwa siku mbili wamepima watu 212. Mwaka juzi walipimwa zaidi ya mia nne. Aliuliza wengine wako wapi. Kati ya waliopimwa, vijidudu vya malale vimeonekana kwa mtu mmoja, Mama Sona, ambaye tangu Krismasi amekuwa akisinzia sokoni mkono ukiwa kwenye bidhaa.

Kuhusu dawa, Nesi alieleza kwamba si sindano ya zamani. Ni vidonge vitatu, vinamezwa mara moja, siku moja, basi. Bado iko kwenye utafiti. Wagonjwa wa vijiji vingine waliokubali kuijaribu walifuatiliwa mwaka mmoja na nusu, na walio wengi sana wamepona. Alisisitiza kwamba hakuna anayelazimishwa, na kwamba Mama Sona alisomewa karatasi yote jana na anaweza kukataa bila kuulizwa sababu. Mwenyekiti alisema hapa Kimbanda-Ntoto ataulizwa sababu.

Mwenyekiti aliomba kumrudisha Nesi nyuma kidogo. Mwaka jana, alipokuja kutangaza vidonge hivi, watu walimuuliza kama miiko ya sindano inaendelea. Alijibu nini? Nesi alisema alijibu, "Endeleeni tu kama zamani, kwa usalama."

"Nani alikutuma useme hivyo?"

"Hakuna, Mama. Sikujua jibu, nikaona aibu kusema sijui. Baadaye niliuliza wakubwa zangu, wakaniambia vidonge havina miiko. Sikurudi kuwaambia."

"Basi wale watu mia mbili unaowatafuta hao hapo, wamejificha ndani ya jibu lako."

Nesi aliomba radhi. Mjumbe Mabaya aliipokea radhi hiyo kwa niaba ya kijiji kizima, ingawa hakuna aliyemtuma.

KUMB. NA. 4/3/2023: MIIKO

Kwa faida ya ofisi ya afya itakayosoma haya: aliyetibiwa malale kwetu anakaa miezi sita bila kula chakula cha moto, bila kukaribia jiko, bila kutembea juani, bila kazi nzito, na bila kulala na mume au mke. Akivunja, atakufa. Kila mtu hapa analijua hilo tangu utoto, na mwenye kulisimamia ni Mzee Gaspard.

Mjumbe Mabaya aliomba kuchangia. "Miezi sita! Mimi nikilala kwa shemeji wiki moja tu, nikirudi mke wangu ananiuliza unamtafuta nani." Wajumbe walicheka. Aliendelea kwamba haogopi kuchomwa kidole, anapanda michikichi kila siku na nyigu wanamjua kwa jina. "Lakini wakinikuta nayo, miezi sita nani atapanda? Mwalimu?" Katibu hakujibu kwa kuwa alikuwa anaandika. Mwenyekiti alimwambia Mjumbe kwamba sasa ameeleza vizuri kwa nini hakupimwa, na kwamba limeandikwa.

Mama Sona alipewa nafasi. Maneno yake ni haya:

"Vidonge siviogopi. Vitatu, hata kumi ningemeza. Kazi yangu ni moto. Naloweka muhogo, natwanga, nafunga kwenye majani, nachemsha, kila siku iendayo kwa Mungu. Sasa nikimeza leo, kesho mkiniona jikoni, nani atanunua kwanga yangu? Wewe Mama Mwenyekiti utanunua? Mtasema yule yuko kwenye miiko, anapika na kifo chake humo humo. Nina watoto watatu na baba yao hayupo. Acheni nisinzie."

"Béatrice, ukisinzia hivyo kuna siku hutaamka."

"Najua. Mama yangu nilimuuguza mimi, mpaka akasahau kumeza mate. Usinifundishe malale, Mama Pélagie."

Mwenyekiti alimwomba radhi. Nesi alirudia kwamba vidonge havina miiko, mgonjwa ale cha moto na afanye kazi akijisikia ana nguvu. Mzee Gaspard alimkatiza.

"Kijana, umezaliwa mwaka gani?"

"Tisini na tano, Mzee."

"Basi kaa. Mimi sindano ile imepita kwenye mshipa huu. Ilikuwa inaunguza kama umesagiwa pilipili ndani ya damu. Nimeshauri wagonjwa arobaini na mmoja kijiji hiki, na hakuna aliyeshika miiko yangu akafa. Wewe mtoto wa juzi unakuja unasema havina miiko. Mwaka jana ulisema vina. Mwaka ujao utasema nini?"

Nesi alikaa. Katibu anaona lazima aandike kwamba swali lilikuwa la haki.

Mwenyekiti alisema anamheshimu Mzee, amezalisha wajukuu zake wote, ila ana swali moja. Hii miezi sita ilitoka wapi? Mzee Gaspard alisema ilitoka kwa manesi wa zamani. Mwenyekiti alisema yeye wakati huo alikuwa msichana wa kufagia zahanati, na manesi walikuwa wanasema mgonjwa apumzike wiki chache asile vya moto. Hakusikia miezi. Mzee Gaspard alisema:

"Wiki walisema wao. Miezi sita niliweka mimi."

Hapa watu walizungumza wote kwa pamoja, waliomo darasani na waliokuwa wamejaa dirishani, na Katibu alishindwa kuandika. Mwenyekiti aligonga dawati kwa kiatu. Mzee Gaspard alisimama. Aliambiwa anaweza kukaa, akakataa.

"Mwaka themanini na tano tulichomwa pamoja mimi na mdogo wangu Modeste. Tulilala kitanda kimoja pale zahanati. Siku ya tisa akaniambia, kaka, nimechoka kula vya baridi kama mbwa. Nikamwonea huruma. Nikaiba makaa kwa mlinzi, nikampashia mboga ya pondu, majani ya muhogo, na samaki. Mimi, kwa mikono hii. Akala, akacheka, akalamba sahani. Alfajiri akaanza kutetemeka mwili mzima. Jioni tukamfunika. Tangu siku hiyo nikasema mtu mwingine hatakufa hivyo mbele yangu. Wiki chache hazitoshi, nikaweka miezi sita. Jua nikaweka mimi, na mambo ya mke pia."

Hakuna aliyecheka kuhusu mambo ya mke.

Nesi Lukelo aliomba ruhusa kusema. Mwenyekiti alimwonya kwamba safari hii aseme anachokijua tu.

"Hili nalijua, Mzee, tumelisoma chuoni, tena ukurasa mzima. Ile sindano ilikuwa na sumu ndani yake, jamaa ya sumu ya panya. Ilikuwa inaponya, na ilikuwa inaua. Katika watu ishirini inamchukua mmoja hivi. Inaanza wiki ile ya kwanza au ya pili, kutetemeka, kisha kuzimia, kisha basi. Ndiyo maana watu walihangaika miaka mingi kutafuta hivi vidonge. Modeste angekula vya baridi, angekufa vile vile. Angefunga asile kabisa, angekufa. Haikuwa pondu, Mzee. Haikuwa wewe."

Mzee Gaspard aliomba arudiwe. Nesi alirudia. Aliomba tena, akisema masikio yake siku hizi si mazuri. Nesi alirudia mara ya tatu, taratibu, akiwa amemsogelea.

Mwenyekiti aliahirisha kikao kwa dakika kumi. Wote walitoka isipokuwa Mzee Gaspard, ambaye alibaki kwenye dawati amefunika uso kwa kofia. Mjumbe Mabaya alirudi ndani akakaa naye, na kwa dakika zote kumi hakusema neno. Katibu anaandika hili kwa sababu halijawahi kutokea.

KUMB. NA. 5/3/2023: MAAZIMIO NA YALIYOFUATA

Kikao kiliporejea, Mzee Gaspard aliomba awe wa kwanza. Alisema miiko aliyoiweka ilikuwa ya sindano, na sindano haipo tena, kwa hiyo na yenyewe iende. Aliwataka wajumbe waandike azimio na jina lake lianze.

Iliazimiwa kwa kauli moja: Gaspard Kipulu na Kamati wanatangaza kwamba anayetibiwa malale kwa vidonge ale cha moto, apike, atembee juani, afanye kazi kadiri ya nguvu zake, na alale na mwenzake. Asilaumiwe na mtu. Litangazwe Jumapili makanisa yote mawili.

Mjumbe Mabaya aliomba sehemu ya kulala na mwenzake itangazwe kwa sauti zaidi. Halikuazimiwa.

Mwenyekiti alimuuliza Mama Sona kama sasa ameridhika. Mama Sona alijibu, "Azimio zuri. Ila wateja wangu hawali karatasi, Mama. Jumapili mtatangaza, Jumatatu watanikwepa kama chungu cha mchawi."

Mzee Gaspard alimuuliza kama nyumbani kwake kuna moto. Alijibu kwamba moto wake hauzimi, dada yake anaangalia sufuria.

"Basi meza, kama moyo wako umekubali. Ukishameza nenda mwenyewe, itoe kwanga motoni kwa mkono wako, niletee hapa mbele ya hawa walioning'inia dirishani. Kama kuna pondu, lete. Iwe inatoa moshi."

Mama Sona alimuuliza Nesi maswali mawili, kwamba vidonge vikimtapisha afanye nini, na kwamba asipopona watamwacha au watarudi. Nesi alijibu la kwanza. La pili alisema atapimwa tena mwezi wa tisa na baada ya hapo, na ikibidi kuna dawa nyingine. Aliulizwa kama ana hakika. Alisema hili ana hakika. Mama Sona aliweka dole gumba kwenye karatasi na kumeza vidonge vitatu kwa maji ya kikombe cha Katibu, saa tano na dakika arobaini. Alitoka. Nesi alimfuata kumwangalia.

Mjumbe Mabaya, bila kuitwa na mtu, alikwenda kwenye meza ya wapimaji barazani na kunyoosha kidole. Alikutwa hana kitu. Alirudi amekasirika kwamba kumbe haiumi.

Mama Sona alirudi saa sita na nusu na kwanga nne kwenye majani na bakuli la pondu lililofunikwa. Alisema ametia kuni mwenyewe na kuepua mwenyewe. Nesi alisema ameshuhudia. Mzee Gaspard alifungua jani, moshi ukampanda usoni, naye akauacha.

Alisema hivi: "Tangu Modeste sijala cha moto. Miaka thelathini na minane. Marehemu mke wangu alidhani ni meno."

Akamega kwanga, akachovya pondu, akala. Aliungua ulimi na akasema hivyo kwa sauti. Mwenyekiti alimwambia apulize. Mzee Gaspard alisema hapulizi. Alikula kwanga nzima, akifuta machozi kwa kiganja huku akila, na hakuacha kula ili ayafute vizuri. Aliomba ya pili.

Waliokuwa dirishani waliuliza kama zimebaki. Mama Sona aliwajibu, "Zipo, ila pangeni foleni, mimi ni mgonjwa." Ndipo watu walipocheka, na Mzee Gaspard naye akacheka, mdomo umejaa.

KUMB. NA. 6/3/2023: KUFUNGA

Mwenyekiti alifunga kikao saa saba na robo. Wajumbe wote waliohudhuria walikuwepo. Mwalikwa Mama Béatrice Sona hakuwepo wakati wa kufunga, kwani kwanga zilikuwa zimekwisha na alikuwa amerudi jikoni kupika nyingine.

Imesomwa mbele ya wajumbe na kukubaliwa hapo hapo, bila mtu kukana neno lake.

(Sahihi) Pélagie Ngwabala, Mwenyekiti
(Sahihi) Makwala Anaclet, Katibu
(Sahihi) Gaspard Kipulu, Mjumbe, ambaye aliomba kuweka na jina la mdogo wake, na Kamati ikakubali: Modeste Kipulu, 1959–1985, aliyeuawa na sindano.