Kura Moja ya Haddon Nicholson

Kerrigan's Cross,
Kisiwani.
Jumapili, 7 Mei

Kaka yangu mpenzi Emmett,

Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri, na kwamba baridi ya huko Alberta imeanza kukuonea huruma. Sisi huku hatujambo. Baba goti bado linamsumbua, ila wiki hii amelisahau kabisa. Anazunguka nyumba nzima akiimba, na nikimwambia akae anitulizie roho ananiuliza tangu lini mbunge akamwamrisha mpiga kura.

Ndiyo, umesoma vizuri. Mbunge! Nilikusudia kukuandikia kwa mpangilio, nianze mwanzo nifike mwisho, lakini nimeshindwa kujizuia. Tumeshinda, Kaka! Jimbo letu, ambalo limekuwa la chama cha Buluu tangu kabla mimi na wewe hatujazaliwa, limekwenda kwetu Wekundu, na aliyelichukua ni mimi, Verna Praught, mchambua viazi wa ghala la ushirika. Ningekupigia simu, lakini unajua laini yetu tunachangia na nyumba sita, na ninayo mambo ya kukuambia ambayo nyumba sita hazifai kuyasikia. Hayo yako mbele. Kwanza acha nifurahi.

Mambo yalianza Februari. Chama chetu hakikuwa na mtu wa kumsimamisha dhidi ya Haddon Nicholson, kwa sababu nani anataka kwenda kupigwa na mtu aliyeshinda mara tano? Wanaume wetu wote wakawa na udhuru. Huyu mgongo, huyu ng'ombe wanazaa. Mkutano ulifanyika jikoni kwetu, na baada ya saa mbili za kukohoa na kuangalia dari nikawaambia kama hakuna mwenye suruali humu ndani basi mimi nitasimama na sketi yangu. Nilisema kwa hasira tu, lakini binamu yetu Alphonse akaidaka papo hapo na kuliandika jina langu kabla sijamaliza kumimina chai. Baba akasema Wekundu ama ndiyo wamekwisha ama ndiyo wanaanza, na akacheka mpaka akatokwa na machozi.

Mimi nilikuwa na jambo moja tu la kuwaambia watu, nalo unalijua. Barabara. Lami bado inaishia palepale ilipoishia ulipoondoka, getini kwa Clarence Bulger, Buluu wa mwisho upande ule, kana kwamba imekatwa kwa kisu. Kuanzia hapo mpaka kwetu ni maili mbili za udongo mwekundu, na Aprili barafu ikiyeyuka ni uji. Nilikwenda mlango kwa mlango, nyumba mia tisa, na kila nyumba nilisema kitu kilekile: kwamba mama yangu alikaa dakika arobaini ndani ya gari la wagonjwa lililozama kwenye barabara ya serikali, kwa sababu tu mumewe anapiga kura ya rangi nyingine. Wengine walinifungia mlango. Mzee mmoja wa Buluu aliniambia kupitia dirishani kwamba hata mbwa wake hampigii Mwekundu, nami nikamwomba basi aniruhusu niongee na mbwa. Alicheka, akanifungulia, akanipa pai.

Na Haddon, Kaka, ndiye aliyekuwa mtihani wangu. Ingekuwa rahisi angekuwa mtu mbaya. Lakini unakumbuka, na najua hupendi kukumbuka, kwamba ni yeye aliyekuja na trekta lake siku ile, akaingia kwenye tope mpaka kiunoni kufunga mnyororo. Alilia mazishini kuliko baadhi ya ndugu zetu. Halafu akarudi mjini Charlottetown, bungeni, na mwaka uliofuata lami ikawekwa kwingine. Machozi hayatengenezi barabara. Nilimwambia hivyo usoni kwenye mdahalo wa ukumbi wa kanisa, mbele ya watu mia tatu. Akainamisha kichwa, akasema hilo ni kweli, na kwamba orodha ya barabara hupangwa na wakubwa wa chama na yeye hakupiga kelele za kutosha. Hebu fikiria! Mpinzani anakubali kosa mbele ya watu! Alphonse alikasirika kweli, akaninong'oneza kwamba mtu huyu anatuibia kura kwa kuomba msamaha.

Baada ya mdahalo, wakati watu wanakula pai, Haddon akanijia na kofia mkononi. Akaniuliza kama nitaifuata desturi. Wewe unaijua, babu zetu waliishi nayo: katika jimbo hili mgombea hajipigii kura. Anampigia mwenzake. Kujipigia mwenyewe ni sawa na mwenye nyumba kujipakulia kabla ya wageni. Nikasema nitaifuata, kwa nini nisiifuate? Tukapeana mikono palepale kando ya meza ya chai, na ukumbi mzima, Buluu na Wekundu, ukapiga makofi. Baba alisimama juu ya kiti, na goti lilelile, akitangaza kwamba Wapraught hawajawahi kujipakulia kwanza.

Basi siku ya uchaguzi ikafika, na ungeiona ungeruka. Mvua ya asubuhi, halafu jua. Magari yetu kumi na manne yenye utepe mwekundu yalikuwa yakipita huku na huko kubeba wazee kwenda vituoni. Alphonse alikaa kituo cha shule kama wakala wetu, akifuta jina la kila aliyepiga kura kwenye orodha yake, na kila saa alikuwa akitutumia karatasi yenye majina ya Wekundu ambao hawajatokea. Wa mwisho alikuwa Dougald kipofu. Nilimfuata mwenyewe zizini, nikamkuta anakamua, nikamsubiri amalize ng'ombe watatu. Kule kwenye tope, karibu na kwetu, gari la Buluu likakwama likiwa na vikongwe wanne wa Buluu ndani! Nani aliwavuta? Baba na farasi. Akawaambia atawatoa bure lakini wakiwa kwenye sanduku la kura wakumbuke nani aliyewachafulia sketi zao. Watu wanaapa mmoja wa vikongwe wale alibadili, lakini hawasemi nani.

Saa moja jioni vituo vikafungwa, tukakusanyika ukumbini kusubiri. Kituo cha kwanza tumeongoza. Cha pili wameongoza. Cha tatu wameongoza sana, nikaona Baba ameshika kiti kwa mikono miwili. Redio inasema chama kipi kitaunda serikali ya mkoa, lakini kwetu hakuna aliyesikiliza, ingawa ni Wekundu waliokuwa wanashinda Kisiwa kizima. Tukabakisha kituo cha shule. Alphonse akaingia mbio, bila kofia, hawezi kusema, ameinua vidole vinne. Nne! Tumewazidi kwa kura nne! Kaka, sijawahi kusikia kelele kama zile. Mtu alinibeba, sijui nani. Mke wa mchungaji alinibusu mdomoni.

Haddon akaja ukumbini, peke yake, akapita katikati ya Wekundu wote akanipa mkono. Akasema kwa sauti ili wasikie kwamba ametimiza ahadi, kura yake imekwenda kwangu, na anatumaini nitaitumia vizuri. Halafu akatabasamu, akasubiri. Ukumbi wote ulikuwa unasubiri. Nikamwambia na yangu imekwenda kwako, Haddon. Makofi yakapigwa upya.

Kwa tofauti ndogo namna ile, sheria inataka jaji ahesabu upya, na Jumatano tulikwenda mahakamani. Karatasi moja baada ya nyingine, jaji ameweka miwani puani. Moja yetu ilikuwa imechorwa kiazi, ikatupwa. Mbili zetu zilitiwa saini na wenyewe, zikatupwa pia. Nyingine ilikuwa na alama pande zote mbili, na maelezo pembeni kwamba wote ni watu wazuri. Saa sita mchana jaji akavua miwani, akasoma: Praught, 1,204. Nicholson, 1,203. Kura moja, Kaka. Moja!

Sasa fungua mlango uhakikishe hakuna mtu, halafu ukae chini.

Nilijipigia mwenyewe.

Sikupanga. Naapa mbele ya Mungu sikupanga. Niliingia nyuma ya lile pazia nikiwa nimeshika penseli kwa ajili ya Haddon. Majina yalikuwa mawili tu, la kwake juu, la kwangu chini. Nilipotazama chini nikaona viatu vyangu, vimejaa tope jekundu mpaka juu, kwa sababu nilikuwa nimetembea kutoka nyumbani. Na nikamwona Mama kwenye kile kitanda cha gari, ameshika mkono wangu, ananiuliza kama tumefika. Aliniuliza mara tatu. Mkono wangu ukaweka alama kwenye jina langu kabla sijajua, nikaikunja karatasi, nikatoka, nikamsalimia msimamizi, nikampa Alphonse kipande cha keki. Hivyo tu. Ningetimiza ahadi yangu, Haddon angekuwa na 1,204 na mimi 1,203, na yeye ndiye angerudi mjini mara ya sita.

Tangu jaji aliposoma zile namba sikulala. Ijumaa nikaenda kwa Haddon. Nilimkuta jikoni na mkewe, Bi Elspeth, wanakatakata viazi vya mbegu. Sikuweza hata kukaa. Nilimweleza yote nimesimama, viatu, Mama, penseli, na uongo niliousema ukumbini. Nikamwambia akitaka nijiuzulu nitajiuzulu leo hii, uitishwe uchaguzi mwingine.

Akachukua miwani yake akaanza kuifuta kwa shati. Halafu akaangua kicheko, akaniambia nisiwe mjinga, kwani mimi nilifikiri yeye ni malaika? Akasema na yeye alijipigia. Kwamba amejipigia chaguzi zote sita, na baba yake naye alijipigia, na hiyo desturi ni ya kusemwa ukumbini tu. Akasema tumedanganyana sawa kwa sawa, kwa hiyo kura moja ile ni yangu halali, niende zangu niwawekee watu lami. Kaka, mzigo ulinishuka mpaka nikahisi naweza kuruka. Nilimkumbatia. Nilicheka hadi nikalia. Nikatoka kwenda kwenye gari huku naimba ule wimbo wa Baba.

Bi Elspeth akanifuata. Akafunga mlango wa jikoni nyuma yake kwanza, mikono bado ina udongo. Akaniambia Haddon amenidanganya. Miaka thelathini na nane ya ndoa, anajua mumewe akianza kufuta miwani. Akasema siku ya uchaguzi Haddon alirudi kutoka kituoni amepauka, akamwambia kwamba penseli ilikuwa tayari imegusa karatasi mbele ya jina lake mwenyewe, maana alijua safari hii ni kura chache, halafu akaihamisha mpaka kwenye langu. Nikamuuliza basi anataka nifanye nini. Akasema hataki nifanye chochote. Haddon ameamua, na kiti ni changu, na barabara lazima iwekwe lami, hata yeye anasema hivyo. "Ila sikutaka uishi ukidhani mko sawa," akaniambia, na akarudi ndani kwenye viazi vyake.

Nimeendesha ile barabara mara nne tangu hapo. Nimejaribu kujiambia kwamba Mama angefurahi, na huenda ni kweli, lakini Mama ndiye aliyetufundisha kuwapakulia wageni kwanza. Alhamisi nitaapa. Nitashika Biblia mbele ya watu wote wale nikiwa kwenye kiti nilichopewa na mtu ambaye mimi nilimnyima kura niliyomwahidi. Halafu nitapiga kelele za lami mpaka waniogope, hilo nakuahidi, ingawa sijui ahadi yangu ina thamani gani kwako baada ya kusoma haya. Barabara itafika kwetu. Utaweza kuja hata Aprili.

Usimwambie Baba. Kila asubuhi anakwenda dukani kwa Bulger, anaegemea kaunta, na kila mtu anayeingia kununua misumari anaambiwa kwamba binti wa Praught amelichukua jimbo bila kujipigia kura. Wanampigia makofi. Ameanza kunyoa kila siku.

Alphonse anakusalimu, na watoto wake wote. Kula, vaa soksi mbili, na uniandikie upesi, hata kama ni kunigombeza. Hasa kama ni kunigombeza.

Ni mimi dada yako,
Verna

Watu wameanza kuniita Mheshimiwa. Wewe, tafadhali, usiniite hivyo.