Pacha wa Saidi

Jumatatu, 4 Agosti
Dukani Biashara Street tangu asubuhi. Leso mpya zimefika, nikawa nazipanga. Salim, mume wangu, akapiga simu. Saidi ameanguka bafuni. Alishika kisogo, akasema kichwa chamuuma sana, akazimia. Saidi ni pacha wake. Wamefanana mno, hata mimi, nilipokuwa bibi harusi mpya, niliwahi kumpokea Saidi mlangoni nikidhani ni mume wangu. Yuko hospitali. Hajitambui.

Jumanne, 5 Agosti
Mshipa wa damu ubongoni ulifura, ukapasuka. Wamemfanyia upasuaji, wameuziba. Daktari akauliza kama kuna mwengine kwenye ukoo. Nikasema mimi: mama yao alianguka jikoni, hakuamka. Watu walisema ni jini. Daktari akamgeukia Salim. Udhaifu huu waweza kurithiwa, akasema, na mapacha wa kufanana hivi wamerithi yale yale. Apigwe picha ya kichwa upesi.
Salim akasema atafikiria.

Alhamisi, 7 Agosti
Hataki. "Nikishajua, nitaishi vipi?"
"Na mimi nisipojua?"
Akatoka kwenda kusali. Hakurudi kula. Leo namchukia.

Ijumaa, 8 Agosti
Akiinama kufunga viatu, roho yangu juu. Akiingia kuoga nasimama nje ya mlango. Ameniona.
Na watoto wetu, Aisha na Omari, je? Ni damu yake. Hilo sijamwambia mtu.

Jumapili, 10 Agosti
Nimemwambia. Si wewe peke yako, nikasema, kuna watoto. Akakaa kitako, kikombe mkononi, chai ikapoa.
"Kesho twende."

Jumatatu, 11 Agosti
Tumekwenda. Mishipa yake mizima.
Nilimuuliza daktari vipi, na ni pacha. Akasema kurithi udhaifu si lazima uugue. Saidi alivuta sigara miaka yote, na presha yake hakuitibu. Salim apime presha, asiguse sigara, arudie picha baada ya miaka michache. Watoto wakishakuwa wakubwa nao wataangaliwa.
Nilishukuru Mungu. Salim hakufurahi. Kwenye ngazi za hospitali akalia.
"Tumelala tumbo moja. Kwa nini yeye?"
Nikamshika mkono tu.

Jumatano, 13 Agosti
Saidi amefumbua macho. Mkono wa kulia hauinuki. Maneno hayatoki.
Salim alisita mlangoni. Aona haya kuwa mzima. Nikamwambia, "Ingia, ni nduguyo." Akaingia. Akaomba maji na wembe, akamnyoa Saidi ndevu, polepole, kama ajinyoavyo mwenyewe. Saidi akainua mkono wa kushoto, akauweka kichwani mwa Salim, akauacha hapo.
Nimerudi nyumbani, nimepika wali. Salim amekula, ameomba aongezwe.