Kwa Ndege, Dakika Kumi

Jumatatu, 5 Mei

Mfereji wa jikoni bado unavuja. Nimemwaga ndoo mara mbili kabla ya kwenda ofisini. Njeru aliahidi kuutengeneza, kisha akahamishiwa shule ya Embu. Hii ni wikendi ya tatu hajaonekana. Mvua. Mitihani. Mkutano wa wazazi. Mume wangu hakosi sababu.

Saa ya chai nimeuliza simu: Meru hadi Embu, umbali gani? Kwa ndege, kilomita sitini na kitu, dakika kama kumi. Nimecheka peke yangu. Ndege gani? Labda yule kunguru wa paa la ofisi. Sisi wengine tunazunguka mlima kupitia Chuka, karibu mara mbili ya hiyo, kona juu ya kona.

Jumatano, 7 Mei

Amepiga. "Si Embu ni hapa tu, Nkatha."

Kama ni hapa tu, mbona hufiki? Sikumwambia hivyo. Nilisema sawa. Nina hasira mpaka ugali umeungua.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama alinionya kabla Njeru hajahama, nikamwona mshamba.

Alhamisi, 8 Mei

Sikulala. Tone. Tone. Nimeweka kitambaa ndani ya ndoo, bado nalisikia.

Nimeamua. Jumamosi naenda Embu bila kumwarifu. Nitamwambia tuachane. Jambo kama hili halisemwi kwa simu.

Ijumaa, 9 Mei

Mkubwa wangu ameniuliza kama naumwa. Siumwi. Naogopa.

Jumamosi, 10 Mei

Nilifika Embu kabla ya saa sita. Mlango wa Njeru una kufuli. Nikajua tu: ana mwingine.

Mama jirani alikuwa akianika nguo. "Mwalimu ametoka mapema. Amesema anaenda Meru kuona bibi yake."

"Bibi yake ni mimi."

Alicheka mpaka shuka likaanguka kwenye matope. Mimi nililia.

Nikapiga simu. Njeru alikuwa jikoni kwangu, ufunguo bado anao. Eti alitaka kunishtua. Tulipishana barabarani, kila mmoja na dirisha lake. Tungekuwa ndege tungegongana. Tulibishana nani amngojee nani, mwishowe tukasema Chuka, hapo katikati.

Jumapili, 11 Mei

Jana tulikula chapati na ndengu Chuka, tukalala hapo. Amekonda. Nilikuwa na hamu naye sana, hata sikujua. Leo mchana kila mtu ameshika njia yake. Hatujaamua nani ahame. Nililoendea Embu sikulisema.

Nimefungua nyumba jioni, nikahisi kuna kitu kimepungua. Nikazunguka vyumba. Ndoo imeoshwa, imefunikwa kando ya mlango. Mfereji hautoi hata tone, na mwenyewe hakunigusia.

Nimezima taa ya jikoni. Kimya. Naenda kulala.