Uji wa Kwenye Chupa ya Chai

Chumba cha Nyuma,
Mtaa wa Mafundi Cherehani.
Jumatano asubuhi.

Mpendwa mwanangu, binti yangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Hujambo? Mkwe wangu hajambo? Na mjukuu wangu, tumbo lake likoje? Anakula, anacheza, anapata choo kizuri? Niambie ukweli, usinifiche kwa kuwa niko mbali. Sisi tumepumua, ila naandika kwa haraka, ndiyo maana herufi zinapanda na kushuka. Simu yako haipatikani, kwa hiyo nampa jirani yetu dereva barua hii.

Mwanangu, juzi nusura tumpoteze mtoto wa kaka yako.

Unajua wifi yako siku hizi anatoka alfajiri kwenda kiwandani kushona. Anapika uji, anaumimina kwenye ile chupa ya chai ya maua, ananiachia. Mimi nammiminia mtoto kidogo kidogo mpaka jioni, vuguvugu vile vile, hauna nzi wala vumbi. Nilikuwa najisifu kwa majirani kwamba uji wa nyumba hii haupoi.

Basi mchana akatapika. Nikasema ni meno. Akatapika tena, akaharisha maji matupu, macho yakaingia ndani. Nilipomwita hakugeuka. Nilikimbia naye zahanati kiatu kimoja mguuni, kingine sijui nilikiacha wapi.

Nesi alimtundikia dripu, kisha akauliza amekula nini. Nikampa chupa, tena kwa kujivuna. Akaifungua, akaunusa uji, haunuki kitu. Akauliza umepikwa saa ngapi. Nikamwambia alfajiri.

"Bibi, kuku akitaka vifaranga anafanyaje?"

"Anaatamia."

"Basi na wewe umeatamia vijidudu. Umevipa chakula, umevipa joto, ukavifunika visipate baridi."

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Maisha yangu yote najua kinachoharibika ni kilichoachwa wazi. Kumbe huo uvuguvugu ndio vinaoupenda. Anasema uji uliwe ungali wa moto, usikae zaidi ya masaa mawili. Unaobaki upozwe upesi, uingie kwenye friji, na ukitoka uchemshwe mpaka utokote. Asiye na friji apike kidogo, kinachobaki amwage. Nami nilikuwa nimeuonja, mwanangu, ulikuwa mtamu kabisa. Hilo ndilo linalonitisha.

Baba yako aliposikia alimwaga hata chai yake ya rangi iliyokuwa chupani. Nikamwambia hiyo haina neno, akasema hataki kujadiliana na chupa.

Sasa wewe. Uliniambia umenunua chupa kama yangu, ya uji wa mtoto, kwa kuwa umerudi kazini. Kama kuna uji humo sasa hivi, weka barua chini ukaumwage. Hata yaya akisema ni hasara. Nenda kwanza, salamu zitakungoja.

Umerudi? Haya. Baba yako, kaka yako na wifi yako wanakusalimu sana. Mgonjwa wetu leo amenirushia kijiko usoni, nikalia kwa furaha. Msalimie mkwe wangu, na huyo yaya msomee barua hii yote, polepole, mpaka aelewe.

Mungu awalinde na tusiyoyaona kwa macho.

Akupendaye, asiyekula vizuri mpaka asikie umeumwaga,

Mama yako