Mapindo Uliyonishonea, Dada

Dada yangu uliye upande wa Walikale,

Binti yako Bahati hajambo. Naanza na hilo kwa sababu najua utalitafuta kabla ya salamu. Anakula bugali kama mwanamume, na tangu ulipomleta kwangu hapa Masisi, ninakofanya kazi ya ukarani, asome, amerefuka mpaka karibu ananifikia. Urefu huo ndio uliotuletea maneno.

Unakumbuka kaptula yangu ya kwanza ya kaki? Mwaka ule maharagi ya Baba yalitosha kununua kitambaa cha mtoto mmoja tu, na wewe ulikuwa umekwisha kujifunza kushona kwa masista. Ukasema, "Apewe huyu." Ukaketi nyuma ya nyumba yetu kule Kingi, ukanishonea kaptula pana, na kitambaa kilichozidi hukukikata. Ulikikunja ndani, pindo nene juu ya pindo, mpaka miguu ya kaptula ikawa mizito kama imelowa mvua. Nikalalamika. Ukaniambia, "Weye uote tu. Mi niko na sindano."

Kila nilipoota nikarefuka, ulifumua pindo moja. Kaki ya juu ilikuwa imepauka kwa jua na majivu ya kufulia, lakini iliyokuwa imefichwa ndani ilitoka na rangi yake ya dukani, na pale kwenye mkunjo ulibaki mstari mweusi ambao haukutoka kwa sabuni yoyote. Wavulana wa shuleni Karuba walinizunguka wakiuliza, "Ee, leo umevaa kaptula ngapi? Mbili ao tatu?" Nilirudi nyumbani nikilia. Hukuacha hata kutwanga. "Waambie iko moja," ulisema, "lakini iko na miaka mingi." Kesho yake niliwaambia hivyohivyo.

Sasa sikiliza. Mwaka huu mwalimu mkuu wa shule ya wasichana anakosoma Bahati ameamuru kila mtoto avae nguo mpya, ya kitambaa cha buluu kinachouzwa katika duka moja tu hapa Masisi. Nguo yenye alama ya pindo lililofumuliwa inarudishwa nyumbani pamoja na aliyeivaa. Anasema inaharibu safu. Mtoto mdogo unaweza kumvika kwa kipande kidogo. Lakini hawa wa umri wa Bahati, Dada, wanakula kitambaa, na kabla mvua haijakatika magoti yako nje tena. Wazazi wa kijiji cha Ngungu wamewaondoa wasichana wakubwa, wakabakiza wadogo. Mama mmoja jirani yangu, mwenye watoto watatu wa kimo hicho, aliyeuza mbuzi wake kununua kitambaa, aliniambia, "Karani, mbuzi zangu zote ziko ku masomo siku hizi. Zizi limebaki na mavi."

Bahati alirudishwa kwa sababu ya gauni ulilomshonea wewe. Nililifumua mwenyewe pindo lake, na mstari ulikuwa palepale, chini kidogo ya goti. Alikaa mlangoni siku nzima, kitabu mapajani, halafu akauliza, "Mujomba, nirudi kwa Mama?"

Mshahara wangu ungetosha kumnunulia yeye peke yake, na ningenyamaza. Nilifika mpaka kwenye kizingiti cha duka. Nikamkumbuka yule mama wa mbuzi, nikakukumbuka na wewe ukisema "apewe huyu," nikageuka.

Wazazi wakaitwa shuleni. Kwa kuwa wengi wao hawasikii vizuri Kiswahili cha shule, mwalimu mkuu aliniita mbele nitafsiri amri yake kwa Kihunde. Unanijua. Nilitafsiri neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. Kisha sikuketi. Nikasema, "Mimi ninayewasomea maneno haya nilisoma na kaptula ya mapindo. Kama pindo ni uchafu, basi karani wenu ni mchafu."

Mwalimu mkuu akauliza, "Karani, umemaliza?"

"Bado, Mwalimu."

Kweli sikuwa na neno lingine. Lakini yule mama wa mbuzi alicheka kwa sauti, akasema, "Mumuache, bado anaota!" Wakacheka wote, na mkutano ukaishia hapo.

Jumatatu iliyofuata mabinti walipanga safu. Mama zao walikuwa wamefumua mapindo yote, hata ya wale ambao nguo zao zilikuwa bado zinawatosha. Nilisimama njiani, nikijifanya naelekea ofisini. Safu nzima ilikuwa na mstari miguuni, wa huyu juu ya goti, wa yule chini, na wadogo walikuwa wakikanyaga magauni yao. Mwalimu mkuu alitembea toka mwanzo hadi mwisho, akarudi, akawaambia waingie darasani. Bahati aliingia pamoja nao, na tangu siku hiyo hajarudishwa.

Sasa imebaki zamu yangu. Nimeitwa na bwana mkubwa wa ofisi nieleze kwa nini karani wake alimpinga mwalimu mbele ya watu. Huenda nikahamishwa, huenda nikafukuzwa. Naogopa, sikufichi, leo jasho la vidole limeharibu karatasi kwenye mashini ya kuandika. Lakini niliyoyasema pale shuleni nitayarudia mbele yake, na akinitaka niyafute, sitayafuta. Nikipoteza kazi, bado nina mikono, na Bahati ataendelea kusoma.

Barua zangu zote nilikuomba uzichome ukishazisoma, nikiogopa zitaangukia macho ya nani. Hii usiichome. Mpe katekista wenu aisome kwa sauti baada ya sala, wazazi wote wa huko wasikie, na asiruke jina langu.

Mstari wa gauni la Bahati nao usiusikitikie. Anauvaa akiwa amenyoosha shingo.

Salia salama, Dada. Sindano usiiweke mbali.

Ni mimi, mdogo wako wa mapindo.