Jina la Kanga na Jina la Mama

Palma, Cabo Delgado
Jumatano, 13 Agosti 2025

Mpendwa Mama Mdogo Zuleica,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekubali dawa. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Mume wangu Suleimane amepata kazi ya jikoni kule kwenye kambi ya gesi ya Afungi, na kila akija likizo amenenepa. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo unafoka kama chungu cha maharage. Nisipokuandikia wewe nitamfokea asiye na kosa.

Nilikwambia kwenye simu kwamba nimemchora marehemu mama kwa ajili ya maonyesho. Tuko wasanii saba. Tulitakiwa kila mmoja aonyeshe yeye ni nani, kwa kutumia zile sura za filamu, muziki na mpira zilizojaa kwenye simu zetu. Abacar kinyozi kamchora mwanasoka kavaa kanzu na kofia. Benilde wa Mueda kachonga kinyago cha ngoma ya mapiko, akaivika miwani myeusi na mkufu wa mwimbaji wa rap. Watoto wanaikimbia na kuicheka papo hapo.

Mimi nikamchora mama kama wale wa filamu za Kihindi kwenye mlango wa ukumbi wa video: mkono kiunoni, miwani ya jua, mtandio unapepea. Na kajifunga ile kanga uliyomletea kutoka Lindi, Usisafirie nyota ya mwenzio. Unakumbuka ulimletea kwa ajili ya nani! Yule jirani aliyekuwa akiiga kila alichonunua mama, hata sufuria. Mama aliivaa wiki nzima akipita mbele ya baraza lake. Nilikuwa nachora huku nacheka peke yangu.

Sasa sikia kosa langu, maana na mimi ninalo. Yolanda, msichana anayejaza fomu za maonyesho, alinikuta mbele ya picha. Akaitazama kanga, au mimi nilidhani anaitazama kanga, akaniita dada kwa Kireno, akauliza, "Mana Nafisa, jina?" Mama mdogo, mtu akitazama kanga akauliza jina, utamjibu nini? Nikamsomea jina la kanga. Akaandika, kumbe aliuliza jina la picha.

Jumamosi, siku ya ufunguzi, nikajipaka msiro usoni, nikavaa nikavalika. Nafika ukutani nakuta kadi kwa Kireno: Não viajes na estrela do outro. Autora: deslocada. Basi! Maneno ya kanga yamekuwa jina la picha, na mchoraji ni mkimbizi, hana jina. Chini yake yapo maelezo marefu ya Bwana Gildo, mkuu wa maonyesho aliyetoka Maputo, kwamba nyota ni ndoto ya mwanamke aliyekimbia kwao kuwa maarufu kama wacheza filamu, na safari ni safari ya ukimbizi wake. Bahati aliyoandikiwa mtu na Mungu imekuwa mcheza filamu! Na kuisafiria imekuwa kama kupanda basi la chapa kwenda Mocímboa!

Wageni wakanijia mmoja mmoja wakitikisa vichwa kwa huruma. Bibi mmoja akanishika mkono akaniuliza nimetokea wapi. Nyumba niliyozaliwa iko nyuma ya ukumbi uleule wa maonyesho, kuku wetu wanasikika pale tulipokuwa tumesimama.

Nilimfuata Gildo. Hakunitukana, na hilo ndilo linaloniudhi. Alitabasamu. "Mas a senhora fugiu, não fugiu?" Eti si nilikimbia? Nilikimbia, ndiyo, nani hakukimbia vita ile? Tulikwenda kwa miguu hadi Nhica, mama akafia huko, tukamzika na kipande kimoja cha doti ile kwa kukosa sanda. Msiba wangu naujua ulipo. Lakini kwenye picha sikuweka msiba, niliweka kicheko chake, na kicheko hicho wamekichukua. Halafu tulirudi kwetu. Mtu akisharudi kwao ataitwa mkimbizi mpaka lini?

Ijumaa picha zote zinapelekwa Pemba, kisha Maputo. Wenzangu wametia saini ya kukubali, mimi bado. Suleimane, aliye likizo wiki hii, anasema nisikuze jambo, mradi watu waione picha. Tumegombana mpaka chai ikapoa. Nikikataa, mama atarudi kukaa nyuma ya kabati. Nikikubali, atafika Maputo bila jina, yeye ambaye alikuwa haitiki sokoni mpaka aitwe na jina la baba yenu.

Jana nikarudi ukumbini na kile kipande cha pili cha doti mabegani. Nikamwomba Yolanda fomu mpya. Maskini, aliona haya. Safari hii nikaandika kwa mkono wangu. Jina la picha: Awa binti Jamaldine akipita mbele ya jirani. Mchoraji: Nafisa, bintiye. Palipoandikwa proveniência, yaani unakotoka, nikaandika: hapahapa.

Gildo kasema kadi zimeshachapishwa, ataona. Nikamwambia na mimi nitaona. Ijumaa asubuhi nikiikuta kadi ileile, picha naishusha mwenyewe, na ngazi Abacar ameshaniahidi.

Niombee dua, Mama mdogo, lakini tafadhali usinishauri nitulie.

Msalimie sana Baba mdogo Momade, na Mwanaisha na wanawe wote. Mungu akupe goti la kuvukia Rovuma, uje umwone dada yako ukutani, akiwa na jina lake.

Mwanao akupendaye,
Nafisa, bintiye Awa binti Jamaldine,
wa hapahapa Palma